Nyumba ya Tangier Iliyowahi Kulala Simba

Mwaka 1839 balozi mdogo wa Marekani mjini Tangier, Thomas Carr, aliletewa zawadi asiyoitaka: simba dume na jike, kutoka kwa Sultani wa Moroko. Carr akajitetea kwamba katiba ya nchi yake inamkataza kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Bunge. Afisa aliyewaleta naye akasema kurudi nao hawezi, basi atawafungulia barabarani. Balozi akasalimu amri, akawaachia simba chumba kimoja cha nyumba yake. Barua aliyoiandika Washington kueleza mkasa huo sasa ni kivutio cha makumbusho yaliyomo katika jengo la ubalozi huo wa zamani.

Mambo yalianza mapema zaidi. Desemba 1777, Wamarekani wakiwa bado vitani na Uingereza, Sultani Mohammed wa Tatu alitangaza kwamba merikebu zao ni ruhusa kuingia bandari zake. Mkataba wa amani na urafiki ulifuata mwaka 1786. Mwaka 1821 Sultani Moulay Suleiman akawapa nyumba ndani ya madina ya Tangier, ikawa mali ya kwanza ya serikali ya Marekani ng'ambo. Baadaye iliongezwa hata ikavuka kichochoro, wapita njia wakawa wanapita chini ya vyumba.

Simba wale walisafirishwa hadi Philadelphia, wakapigwa mnada. Wakati huohuo, Aprili 1840, merikebu Sultana ya Sayyid Said wa Zanzibar ilitia nanga New York, nahodha wake akiwa Ahmad bin Naaman, na shehena yake ikiwa na farasi wa Kiarabu kwa ajili ya Rais Van Buren. Rais huyo hakuwa na la kufanya ila kuwauliza wabunge, na farasi nao wakauzwa. Mimi naona aibu ilikuwa ya mpokeaji, maana kwa adabu za Tangier na Unguja zawadi hairudishwi.

Ubalozi mdogo ulihama jengo hilo mwaka 1961. Mwaka 1976 raia kadhaa wa Marekani waliunda chama cha kulinusuru, na mwaka 1982 likawa jengo pekee la nje ya Marekani kuingizwa katika orodha ya taifa hilo ya alama kuu za kihistoria. Leo, mbali na makumbusho, lina maktaba ya watafiti, na wanawake wa madina wamekuwa wakifundishwa humo kusoma na kuandika.