Dawa haikuwa ya konokono

Wandugu, wakati wa staji katika bonde la Ruzizi, ule utando wa kijani unaoelea juu ya maji ya mupunga tulikuwa tunauita uchafu. Mimi mwenyewe niliutupa mara nyingi. Historia hii njo ilinifanya niuangalie kwa macho mengine.

Mwaka 1972, George Pettit, mwanakemia wa Marekani, alikuwa anatafuta dawa za kansa ndani ya wanyama wa baharini. Katika Bahari ya Hindi, kwenye kisiwa cha Morisi, walikusanya konokono fulani mlaini ambaye Wafaransa wanamwita sungura wa bahari. Ndani yake mulikuwa kitu chenye kuua seli za kansa. Shida ni kwamba kilikuwa kidogo mno: mamia ya kilo za konokono kwa kupata miligramu chache tu. Muundo wake ulitangazwa mwaka 1987, kisha miaka 15 ya kazi. Walikiita dolastatini 10.

Sasa swali la mtu wa agronomia: yule konokono anakula nini? Mwaka 2001, watafiti kama Hendrik Luesch na Richard Moore walipata dolastatini 10 ile ile ndani ya sianobakteria ya aina ya Symploca, iliyotoka Palau, katika bahari ya Pasifiki. Sianobakteria njo zile tunaita alge za bluu na kijani. Ziko hata kwenye mupunga wetu. Basi konokono hakuwa mpishi. Alikuwa mlaji tu: anakula sumu, anaiweka mwilini.

Sumu hiyo inashika tibulini, ambayo seli inaitumia kujengea nguzo zake wakati inajigawa. Nguzo zikikosa, seli inakufa. Lakini walipoijaribu peke yake kwa wagonjwa, haikufaulu, juu inagusa na seli nzima. Hawakuitupa. Walitengeneza ndugu yake katika labo, wakamfunga kwenye kingamwili inayojua kutafuta seli ya kansa. Mwaka 2011 Marekani ikaruhusu ile dawa, brentuximab vedotin, kwa kansa ya Hodgkin, ambayo inashika sana vijana wa umri wetu.

Hesabuni: toka 1972 mpaka 2011 ni miaka 39. Na siye, memware ikichelewa mwaka mmoja tunasema utafiti haiko kazi ya watu kama siye!

Sisemi mutu akunywe maji ya kijani. Sumu ni sumu. Nasema hivi: ukipata kitu chenye nguvu ndani ya mnyama ao mmea, usisimame hapo. Uliza nani alikitengeneza. Mara nyingi jibu ni kile kidogo tulichokanyaga tukipita.