Adabu za Ukadhi Kutoka kwa Mshona Viatu

Wengi wetu hudhani kuwa vitabu vya taratibu za mahakama viliandikwa na makadhi peke yao. Tumtazame Imamu Abu Bakr al-Khassaf (aliyefariki 261 Hijria/874), mwanachuoni wa Kihanafi wa Baghdad. Lakabu yake maana yake ni mshona viatu, na wanahistoria wamepokea kwamba alikula kwa kazi ya mikono yake. (Siku hizi ni nani atakayemuuliza fundi viatu suala la ushahidi?) Katika Adab al-Qadi alieleza namna ya kumwita mdaiwa, kuwachunguza mashahidi na kuapisha, na vipi kadhi mpya apokee madaftari na wafungwa kutoka kwa aliyemtangulia. Alikuwa karibu na Khalifa al-Muhtadi. Khalifa alipouawa mwaka 256 (870), nyumba ya al-Khassaf iliporwa, baadhi ya vitabu vyake vikapotea.

Al-Mawardi (450/1058), Mshafii, na Ibn Farhun (799/1397), Mmaliki, walikikalia kiti chenyewe, huyu wa pili mjini Madina. Nao waliandika juu ya ukadhi. Lakini as-Sadr ash-Shahid (536/1141) alipotaka kuandika sharhe, alikichukua kitabu cha al-Khassaf.