Namba 63: Windows XP Ilivyohamia Kwenye SSD

Septemba 2008, Intel walipotoa X25-M, diski ya SSD ya gigabaiti 80, kompyuta nyingi duniani zilikuwa bado zinaendeshwa na Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001. Wenye kompyuta hizo hawakutaka kuanza upya. Walitaka mafaili na programu zao zihamie diski mpya kama zilivyo, na njia ya kufanya hivyo mafundi walikuwa nayo siku nyingi: kukloni.

Programu iliyovuma zaidi ilikuwa Ghost, kazi ya Murray Haszard wa Auckland, New Zealand, iliyonunuliwa na Symantec mwaka 1998. Fundi aliwasha mashine kwa flopi, akachagua diski ya kunakiliwa na ya kupokea, akasubiri. Kwa diski ngumu kazi iliishia hapo. Kwa SSD, kloni iliyowaka bila tatizo iliweza kuwa na kasoro ndani yake, na kompyuta isiseme lolote.

Kasoro hiyo ilitokana na namba 63. BIOS ya kompyuta za IBM za miaka ya 1980 ilitenga biti 6 tu kwa namba ya sekta katika kila mzingo wa diski, na kwa kuwa hesabu ilianzia 1, ya juu kabisa ikawa 63. Ikazoeleka kuuacha mzingo wa kwanza kwa ajili ya rekodi ya kuwashia, na patisheni ianzie sekta ya 63. XP iliirithi desturi hiyo, na kwa sahani zinazozunguka za wakati ule haikumdhuru mtu.

SSD haina sahani. Chipu zake za NAND, ambazo Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba walizitambulisha mwaka 1987, huandikwa ukurasa kwa ukurasa, na katika X25-M ukurasa ulikuwa baiti 4,096. Zidisha 63 kwa baiti 512: unapata 32,256, namba isiyogawanyika kwa 4,096. Hivyo kila fungu la kilobaiti 4 la XP lilikalia kurasa mbili, kama abiria aliyeketi kwenye mpaka wa viti viwili vya basi. Andiko moja likaleta kazi ya mawili. Kasi ikashuka, chipu zikachakaa mapema.

Windows Vista, mwaka 2007, ilisogeza mwanzo wa patisheni hadi sekta ya 2048, yaani megabaiti 1 kamili. Lakini aliyekloni XP sekta kwa sekta aliibeba 63 pamoja na mizigo mingine. Dawa ilikuwa kuandaa patisheni kwa Vista au Windows 7 kwanza, ndipo XP iingizwe humo. Kukagua kulikuwa rahisi: katika msinfo32, programu ya Windows ya taarifa za mfumo, chini ya orodha ya diski, mwanzo wa patisheni wa 32,256 ulimaanisha kazi irudiwe, wa 1,048,576 ulimaanisha salama.

Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi. SSD haiwezi kuandika juu ya data ya zamani. Lazima ifute kwanza, na hufuta bloku nzima. Ndiyo maana ikabuniwa amri ya TRIM, inayoijulisha diski ni data ipi imefutwa na mtumiaji. Windows 7 ilikuja nayo Oktoba 2009. XP haikuipata kamwe. Intel walitoa programu ya kuifanya kazi hiyo kutoka ndani ya XP, ila kwa X25-M za kizazi cha pili tu. Za kwanza ziliachwa nyuma, jambo lililowaumiza hasa waliolipa bei kubwa mapema. Waliobaki waliacha sehemu ya diski bila patisheni, wakazima kazi ya kupanga upya vipande vya mafaili, na kabla ya kukloni tena waliifuta SSD yote kwa amri ya Secure Erase.

Microsoft waliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014. SSD za aina ya NVMe zilizofuata hazina draiva ndani ya mfumo huo, kwa hiyo mashine ya maabara ambayo programu yake haikubali mfumo mwingine bado inafaa kupewa SSD ya SATA, mradi patisheni ianzie pale inapostahili.