Elimu ya sayansi na maamuzi ya wanafunzi kuhusu mazingira

Elimu ya sayansi na maamuzi ya mazingira ni uwanja wa utafiti na ufundishaji unaochunguza jinsi masomo ya sayansi yanavyomwongoza mwanafunzi anapochagua la kutenda kuhusu maji, taka, misitu, nishati na viumbe hai. Swali lake kuu ni kwa nini mwanafunzi anayeeleza barabara madhara ya plastiki katika mtihani hutupa chupa mtaroni, na ni ufundishaji gani unaoweza kumbadilisha.

Historia
Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm mwaka 1972 ulihimiza elimu ya mazingira, na mwaka huohuo likaanzishwa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako Nairobi. Azimio la Tbilisi la 1977 lilitaja malengo matano ya elimu hiyo: mwamko, maarifa, mitazamo, stadi na ushiriki. Shule nyingi zilishughulikia zaidi lengo la pili, kwa kuwa ndilo jepesi kutahini.

Maarifa na tabia
Awali ilidhaniwa kwamba maarifa huzaa mtazamo mwema, na mtazamo huo huzaa tabia njema. Mwaka 1990, watafiti Harold Hungerford na Trudi Volk walipinga dhana hiyo. Walieleza kwamba mwanafunzi huchukua hatua anapolihesabu tatizo kuwa lake, akawa na stadi za kulikabili na akaamini kwamba juhudi zake zitazaa matunda. Mwaka 2002, Anja Kollmuss na Julian Agyeman walisisitiza pia vikwazo vya nje, kama vile uchumi, miundombinu na utamaduni: pasipo na pipa la taka wala gari la kuzizoa, somo la usafi hukosa pa kushika.

Upimaji wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2006, uliohusu wanafunzi wa miaka 15, ulionyesha kuwa waliofaulu zaidi katika sayansi walifahamu zaidi matatizo ya mazingira, lakini walikuwa na matumaini madogo kwamba yangepungua katika miaka 20 iliyofuata. Hilo ni onyo zito kwa walimu. Somo linaloishia kwenye maafa humwachia mtoto hofu bila kumpa la kufanya.

Mbinu za ufundishaji
Mbinu ya kwanza ni kupima. Katika mpango wa GLOBE, ulioanza mwaka 1995, wanafunzi wa nchi nyingi hupima mvua, joto, maji na udongo wa maeneo yao, na takwimu zao hupatikana kwa wanasayansi. Ya pili ni kujadili masuala yanayogusa sayansi na maisha kwa pamoja. Suala la mkaa ni mfano mzuri: darasa linaweza kulinganisha matumizi ya mwezi ya mkaa na gesi, moshi wa jikoni, kasi ya ukuaji wa miti na riziki ya mchoma mkaa, kisha kila mwanafunzi atetee uamuzi wake kwa ushahidi. Ya tatu ni kutenda, kwa kuotesha miche au kutenganisha taka.

Afrika Mashariki
Klabu za wanyamapori za Kenya zilianza mwaka 1968 kwa juhudi za wanafunzi wenyewe. Mpango wa vijana wa Roots & Shoots wa mtafiti wa sokwe Jane Goodall ulianzia Dar es Salaam mwaka 1991. Katika ghuba ya Gazi, Kwale, nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na pato lake limegharimia maji na mahitaji ya shule. Kwa watoto wa huko, kaboni ya kitabuni ina faida wanayoiona kijijini.

Athari nyumbani
Utafiti uliofanyika North Carolina, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto waliofundishwa mabadiliko ya tabianchi waliwafanya wazazi wao wayajali zaidi, hasa mabinti. Kwa hiyo mtaala bora humpa mwanafunzi ushahidi, stadi na nafasi halisi ya kuamua, na hunufaisha hata wasioketi darasani.