Michezo ya Jioni Nyumbani: Bao, Karata, na Swali la Mzungu wa Kwanza

Walimu wenzetu hutuuliza mara kwa mara ni michezo gani iwafaayo watu wa nyumba moja wakutanapo jioni baada ya chakula, mkubwa na mdogo pamoja. Wengine hudhani kwamba swali hilo ni dogo, halistahili kuandikwa katika kurasa kama hizi. Lakini sisi twaona kwamba mchezo ni desturi kama desturi nyingine: una asili yake, una sheria zake, na una lugha yake. Achaguaye mchezo bila kuyajua hayo ni kama apandaye mbegu asiyoijua.

Na tuanze na swali la mtoto. Jioni moja tulikuwa katika nyumba ya rafiki yetu, na watoto wakicheza karata mkekani. Mmoja wao, apata miaka tisa, akazitandaza karata zenye sura za watu, akamwuliza babu yake: "Babu, huyu ni mzungu wa pili, huyu wa tatu, na huyu wa nne. Mzungu wa kwanza yuko wapi?" Mzee akacheka, akasema, "Ndivyo tulivyoyakuta, mjukuu wangu." Wala katika sisi sote tuliokuwapo hapakuwa na mtu aliyeweza kujibu. Jibu tutalitoa mahali pake. Kwanza yatupasa kusema juu ya bao, kwa kuwa ndilo kubwa la michezo ya pwani.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, ambazo kwa desturi ni komwe, mbegu za mkomwe. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Huanza kwa kuweka kete 6 katika shimo liitwalo nyumba, na 2 katika kila moja la mashimo mawili yafuatayo upande wa kuume. 22 zilizosalia hukaa mkononi. Sehemu ya kwanza huitwa kunamua, nayo ni kuingiza kete za mkononi moja moja, kila mtu kwa zamu yake, hata ziishe. Ndipo huja mtaji, ambapo hapana kete mpya tena, ila kuzigawa na kuzizungusha zile zilizomo baoni. Ashindwaye ni yule ambaye safu yake ya mbele haikubakiwa na kete hata moja, au asiyeweza kucheza tena.

Msomaji aangalie maneno hayo. Mchezaji ana nyumba, naye huilinda. Ana mtaji, kama mfanyabiashara. Hula kete za mwenzake. Na kete yake ya mwisho ikiangukia shimo tupu, husemwa kwamba amelala, na zamu yake imekwisha. Ni maneno yale yale ya nyumbani na ya sokoni, wala mtoto ajifunzaye bao hana haja ya kufasiriwa. Mchezo huu wajulikana hata Visiwa vya Komoro, na huko Malawi huitwa bawo. Washairi nao hawakuuacha, kwa maana Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi mashuhuri wa mwanzo wa karne ya 19, aliutungia shairi. Mwaka 1995 mtaalamu Alex de Voogt alitoa kitabu kizima juu ya ubingwa wa bao, akichunguza mipaka ya akili ya mwanadamu katika kuhesabu kete kichwani.

Lakini sifa hiyo ya bao ndiyo taabu yake nyumbani. Katika bao hapana bahati: kete zote zi wazi mbele ya macho ya wote wawili, na ajuaye zaidi humshinda asiyejua, leo na kesho na kesho kutwa. Tena kwa muda mrefu bao limekuwa mchezo wa wanaume barazani, na mama na binti zake hawakuketishwa mbele yake. Kwa sababu hiyo twawashauri wenzetu waanze na bao la kujifunza, ambalo kete zote huwekwa baoni tangu mwanzo, mbili mbili katika kila shimo, bila kunamua. Na bao litoke barazani, liingie ndani, ili kila mtu wa nyumbani apate zamu.

Sasa tuje kwenye karata. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, nao Waarabu wa Omani waliitwaa mwaka 1698 baada ya mazingiwa ya muda mrefu. Utawala wao ulipita, bali maneno yao yalikaa: meza, bendera, leso, gereza, na hata padri. Neno karata limo katika jamii hiyo hiyo. Basi padri na karata ni maneno yaliyokuja kwa jahazi moja, ingawa tangu hapo hayakupatana sana. Karata za aina nne nazo zina majina ya Kireno: kopa, uru, shupaza na pau. Karata ishindayo nyingine ni turufu, na ile ya saba ni seti. Maneno hayo yote Mreno angeyatambua kwa kuyasikia tu.

Na hapa ndipo lilipo jibu la mtoto. Katika michezo ya karata ya Wareno kama bisca na sueca, karata za nane, tisa na kumi huondolewa, zikabaki 40. Kisha hesabu huwa hivi: karata ya moja, ambayo sisi twaiita ree, ina thamani ya 11, ya saba ina 10, mfalme ana 4, kijana wake ana 3, na malkia ana 2. Kwetu mzungu wa nne ndiye mfalme, mzungu wa tatu ndiye kijana, na mzungu wa pili ndiye malkia. Basi hesabu hiyo si ya cheo wala ya safu, bali ni ya thamani. Mzungu wa kwanza hayupo kwa sababu hapana karata yenye thamani ya moja.

Tena ukijumlisha, kila aina ina 30, na aina nne zina 120. Nusu yake ni 60. Kwa hiyo apatae 61 amekwisha kushinda. Na wazee wa pwani waliuitaje mchezo huo? Waliuita wahedi wa sitini, yaani, kwa Kiarabu, moja na sitini. Katika mchezo mmoja, basi, karata zina majina ya Kireno, jina la mchezo ni la Kiarabu, na wachezaji husemezana kwa Kiswahili. Historia ya pwani ya miaka mia nne imelala mkekani kila jioni, nasi twapita tukiona watoto wakicheza tu.

Dama na ludo hatutazieleza kwa urefu. Dama huhitaji ubao wenye miraba 64 na vizibo vya chupa 12 kwa kila upande, vya mmoja vikielekea juu na vya mwenzake vikielekea chini. Mchezo huo ni wa akili, lakini hufundishika kwa robo saa. Ludo ilitengenezwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuufuata mchezo wa Kihindi uitwao pachisi. Nayo huchezwa kwa dadu, hata mtoto mdogo aweza kumshinda baba yake. Hilo si jambo la kudharau, kwa maana mtoto asiyeshinda kamwe huacha mkeka akaenda zake.

Yako malalamiko tusiyoweza kuyanyamazia, nayo ni ya kamari. Viongozi wengi wa dini waliwakataza watu wao karata kabisa, na sababu yao ilikuwa ya kweli: wameona mishahara ikiliwa mkekani na watoto wakilala njaa. Lakini bao nalo laweza kuwekewa dau, hata kutupa mawe mtoni kwaweza kuwekewa dau. Kosa limo katika dau, halimo katika shupaza. Nyumba ikiweka sharti kwamba hapana kitu kitakachotolewa wala kupokelewa, aliyeshindwa ataondoka na mali yake yote, na kesho atarudi.

Basi, achaguaye na apime hivi. Ikiwa wote wana umri wa kutosha na saburi, achague bao. Ikiwa wakubwa na wadogo wamechanganyika, achague karata, ambazo nusu yake ni bahati na nusu ni hesabu. Ikiwa wadogo ndio wengi, ludo yatosha. Zaidi ya yote, pawepo mzee mmoja aulizwe majina na sheria, na mwalimu mmoja aziandike. Kwa maana mchezo unaofundishwa kwa karatasi ya dukani peke yake huja bila maneno ya kwetu, na yakiisha kusahauliwa hapana duka liyauzalo.

Tulirudi katika nyumba ile tukampa mtoto jibu lake. Hakutuamini kwa neno tupu. Aliziondoa karata 12, akazihesabu zilizobaki moja moja hata akafika 120. Kisha akamgeukia babu yake, akamwambia, "Sogea, babu, nikufundishe."