Jumamosi Tano na Uhuru wa Watumwa

Makanga wa njia ya Kisauni huliita jina la Kengeleni kutwa nzima, na watoto wa ndugu zangu wamelisikia tangu wakibebwa mgongoni. Likizo ya Agosti nikawauliza: kengele yenyewe iko wapi? Wakacheka. Wazazi wao pia wakacheka, kisha wakabadilisha mada.

Basi nikaamua. Jumamosi tano, sebuleni kwangu, watoto sita wa miaka 9 hadi 13, kitabu kimoja. Nilichagua *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, kwa sababu hadithi yake inaanza mbali sana bara na kuishia pale matatu yetu inaposimama.

Masharti yalikuwa machache. Simu kwenye kapu mlangoni. Tunasoma kwa sauti, kwa zamu, kurasa chache tu, maana Kiswahili cha 1934 kina maneno yanayomkwama mtoto wa leo. Ramani mkekani, na mdogo wao anasogeza kifuniko cha soda kufuata safari. Kila mmoja aje na swali moja aliloshindwa kulijibu. Viazi karai ni baada ya maswali. Mzazi akitaka kukaa, karibu, ila naye atoe swali.

Kitabu kinasimulia watu waliovamiwa kijijini kwao, wakafungwa, wakatembezwa hadi pwani, wakapakiwa chomboni. Manowari ya Waingereza ikakikamata chombo, na safari ikaishia Frere Town, Kisauni. Mahali hapo si pa kubuni. Wamisionari wa CMS walipaanzisha mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Jina ni la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa kumshinikiza Sultani. Kengele ililizwa kuwaonya wakazi kwamba wawindaji wa watumwa wanakuja. Mbotela mwenyewe alikuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, kwa hivyo alikuwa anaandika habari za kwao.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa poa. Ya pili mambo yakachacha.

Zamu ilimfikia mpwa wangu wa miaka 11. Mamake ni dadangu. Babake ni mtu wa Mji wa Kale, ukoo wenye asili ya Oman. Alifika penye Waarabu wanaofunga watu minyororo, akasoma mistari miwili, akanyamaza.

"Mjomba, hawa ni kina babu?"

Kabla sijajibu, binamu yake mkubwa akadakia: "Si kitabu ndicho kinasema!" Mtoto akaweka kitabu chini. Siku hiyo viazi vililala.

Usiku nikampigia shemeji nikitarajia anikemee. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Nitakuja Jumamosi."

Alikuja, akavua viatu, akaketi mkekani na watoto. "Nyumbani kwa babu yangu," alisema, "kulikuwa na watu tulioambiwa ni jamaa. Lakini wao ndio waliopika, na wao ndio waliokula mwisho. Nikiuliza, naambiwa nyamaza. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikalijua neno: wazalia. Watumwa waliozaliwa humu humu pwani."

Mama yangu alikuwa jikoni. Akatoka akifuta mikono kwa leso. "Na sisi je? Bibi yangu alilelewa Frere Town. Ukimuuliza kabila, anakwambia yeye ni mtu wa misheni. Basi. Kule alikotoka hatujui mpaka leo."

Mimi mwenyewe nilikuwa nalisikia hilo kwa mara ya kwanza, na nina miaka 34.

Mpwa wangu akatazama huku na huku. "Kwa hivyo mimi nimetoka pande zote mbili. Sasa kwenye kitabu mimi ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni tarehe, na Jumamosi ya nne nikaziandika kwenye karatasi ya manila: 1895, 1907, 1908. Kitabu kilichapishwa London enzi za ukoloni, na ndani yake Mwingereza ni mkombozi asiye na doa. Lakini pwani hii iliingia chini ya Uingereza mwaka 1895, na utumwa haukufutwa kisheria hapa hadi 1907. Watoto wakapiga hesabu: miaka 12.

"Ati bendera ni yao na watumwa bado wapo? Walikuwa wanangoja nini?"

Walikuwa wanawahitaji wenye mashamba, na maliwali waliowasaidia kutawala. Sheria ilipokuja, fidia wakalipwa mabwana. Waliotumikishwa hawakulipwa kitu. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani, na wengi wa walioachwa huru wakajikuta maskwota kwenye udongo walioulima maisha yao yote. Anayeishi Kisauni anajua kesi hizo za mashamba hazijaisha.

Nikawaambia pia kuhusu watoro, watumwa waliotoroka wenyewe. Kule Fuladoyo, nchi ya Wagiriama, walijenga kijiji na kulima bila kungoja manowari ya mtu. Binamu mkubwa, yule wa "kitabu ndicho kinasema", akauliza mbona hao hawamo kitabuni. Nikamwambia hilo ndilo swali lake la wiki.

Shemeji naye akaleta lake. Mnakumbuka marehemu Leonard Mambo Mbotela na kipindi chake cha redio, "Je, Huu ni Ungwana?" Alitoka ukoo huo huo wa Mbotela. Sisi tulidhani ungwana ni adabu tu. Kwa Kiswahili cha zamani cha pwani, mwungwana ni mtu asiye mtumwa. Hebu lisikie tena swali hilo, likitoka kwa mzao wa watumwa.

Jumamosi ya tano tulishuka Kengeleni, tukasimama chini ya mnara ambao tumeupita maisha yetu yote, boda zikitupigia honi. Kazi ilikuwa moja: kila mtoto aandike ukurasa unaokosekana kitabuni. Binamu mkubwa aliandika kuhusu Fuladoyo. Mpwa wangu aliandika kuhusu msichana anayepika katika nyumba moja ya Mji wa Kale, na anakula mwisho. Kila penye jina lake aliacha mstari mtupu.

"Hilo jina nalitaka," akamwambia babake.

Shemeji amemuuliza shangazi yake mkubwa, aliyebaki peke yake kati ya waliokulia nyumba ile. Shangazi amesema hataki kuzungumzia hayo kwa simu. Tunaenda kumwona Idi ikifika.