Kabla hujanunua laptopu, isome kwanza historia yake

Mdogo wangu wa mwisho kapata chuo, anakwenda kusoma uhasibu. Mama, ambaye mwaka mzima alikuwa akiweka hisa zake VICOBA kimya kimya, wiki iliyopita kagawiwa hela yake. Akaniletea laki nane taslimu, zimefungwa kwenye pindo la khanga. "Mnunulie mwenzio kompyuta," akasema. "Wewe ndiye unayezijua."

Jamani, mimi ninazijua?

Ngoja niwape siri. Miaka minne iliyopita nilikopa hela nikanunua laptopu ya inchi 17, kibodi inawaka taa za rangi kama ukumbi wa disko, na ndani ina kadi ya picha ya kuchezea magemu. Mimi gemu sichezi. Niliipenda tu pale dukani. Siku nikatumwa wilayani Kilosa kuandika habari ya mafuriko. Umeme umekatika wilaya nzima, nimekaa barazani kwa watu, naandika. Dakika ya hamsini betri ikakata, habari ipo nusu. Ikabidi nimsomee mhariri kwa simu, mtandao unakuja na kuondoka. Asubuhi habari ikatoka na jina la kijiji limekosewa. Watu wa kijiji kile walikuwa wamepoteza nyumba zao, na gazeti letu likawaondolea na jina. Tuliomba radhi, lakini mnajua radhi za magazeti huwa zinakaa kona gani ya ukurasa.

Kwa hiyo safari hii sikukimbilia dukani. Nimekaa wiki mbili nasoma historia ya hizi mashine, na nimeona jambo moja linajirudia: kila laptopu ilitengenezwa kujibu shida ya mtu fulani. Aliyeinunua akiwa na shida hiyo alifurahi. Aliyeinunua kwa kuitamani tu, yalimkuta kama yangu. Twende taratibu.

Wazo lilitangulia mashine. Mwaka 1972 Mmarekani Alan Kay, mtafiti katika kituo cha Xerox kule Palo Alto, California, aliandika makala akielezea kompyuta yenye ukubwa wa daftari. Akaiita Dynabook. Aliiwazia watoto, waibebe, wachore, waandike, wasome. Bei aliyoilenga ilikuwa dola 500. Mashine yenyewe haikutengenezwa, teknolojia ya wakati ule haikuruhusu. Lakini angalia alipoanzia: kwa mtumiaji, na hela anayoweza kuipata. Sisi wengi tunaanzia kwenye kabati la kioo la muuza duka.

Aprili 1981 akaja Adam Osborne. Huyu alijulikana zaidi kama mwandishi na mchapishaji wa vitabu vya kompyuta. Mashine yake, Osborne 1, ilichorwa na mhandisi Lee Felsenstein, na ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, karibu nusu ya kiroba cha unga cha kilo 25. Kioo chake kilikuwa inchi 5, kidogo kuliko cha simu uliyonayo mkononi. Betri haina, lazima uchomeke ukutani. Sasa nani alinunua kitu kama hicho? Wengi tu! Maana kwa dola 1,795 ulipata kompyuta pamoja na programu za kuandikia na za mahesabu, ambazo kwingine ungezilipia peke yake. Mwenye biashara ndogo alijua gharama yote tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1983 kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema Osborne alitangaza toleo jipya kabla halijawa tayari, wateja wakaacha kununua la zamani wakilisubiri jipya. Wapo wanaosema aliyemuua ni Compaq, iliyoleta mashine ya kubebeka inayotumia programu zilezile za kompyuta za IBM zilizojaa maofisini. Mimi nachukua la pili kwa ajili ya mdogo wangu: mashine isiyoelewana na za wenzako inakuacha peke yako. Kama chuoni wanatumia programu fulani za uhasibu, uzuri wa kompyuta isiyoendesha programu hizo ni wa nini?

Tuje kwenye umbo tunalolijua, la kioo kinacholala juu ya kibodi kama kifuniko. Hilo lilikuja na GRiD Compass ya mwaka 1982, iliyosanifiwa na Mwingereza Bill Moggridge. Mwili wake ulikuwa wa magnesiamu. Bei, dola 8,150. Wateja wake wakubwa walikuwa jeshi la Marekani na NASA, na ilipanda mpaka angani. Nayo haikuwa na betri. Kwa mwanaanga ilikuwa saizi yake. Kwa mwandishi wa habari wa wilaya ingekuwa uwendawazimu.

Na hapa ndipo nilipoisoma historia nikajiona mjinga. Mwaka 1983 maduka ya Radio Shack ya Marekani yalianza kuuza TRS-80 Model 100, iliyotengenezwa na Kyocera wa Japani. Kwa karatasi ilikuwa mashine dhaifu. Kioo cha mistari 8, kila mstari herufi 40, yaani unaona aya moja fupi kwa wakati mmoja. Haikunji, haina diski, haina rangi. Toleo la chini lilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 8 kwa dola 1,099. Picha moja tu ya simu yako leo isingeingia hata pembe yake.

Lakini kibodi yake ilikuwa kamili, ya mtu anayeandika kweli. Uzito chini ya kilo mbili. Ukiiwasha inawaka papo hapo, hakuna kusubiri. Ilitumia betri nne ndogo za kawaida, zile za rimoti, na zilidumu kama saa 20. Zikiisha, unaingia duka lolote unanunua nyingine. Ndani ilikuwa na modemu, kwa hiyo ukipata simu ya mezani unatuma habari yako mpaka chumba cha habari. Kasi ilikuwa biti 300 kwa sekunde, sawa na herufi 30 hivi. Nimepiga hesabu: habari ya herufi 6,000 ingefika kwa dakika tatu na ushee. Bill Gates mwenyewe alishiriki kuandika programu zake.

Waandishi wa habari waliipenda sana. Waliibeba viwanjani, mahakamani, kwenye kampeni za uchaguzi, na wengine waliendelea nayo miaka mingi baada ya mashine zenye nguvu zaidi kutoka. Si kwamba hawakuziona hizo nyingine. Kazi yao ilikuwa kuandika maneno mahali pasipo na meza wala umeme, na kuyafikisha ofisini kabla gazeti halijafungwa. Mashine ilijibu hilo, basi. Mwenzangu wa mwaka 1983 angekuwa Kilosa siku ile, habari yake ingefika nzima na jina la kijiji likiwa sahihi.

Huku kwetu wakati huo hali ilikuwa nyingine kabisa. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye matatizo ya kompyuta katika mahesabu ya serikali yakaleta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo, marufuku! Tunapenda kuicheka amri ile, lakini ukiitazama vizuri, ni nchi iliyonunua mashine ghali kabla ya kuwa na watu na utaratibu wa kuiendesha, ikaungua, ikaogopa moto wote. Amri ilikuja kulegezwa baadaye, na miaka ya 1990 kompyuta zikaanza kuingia kwa wingi.

Turudi kwenye mashine. Mwaka 1985 Toshiba wa Japani walitoa T1100, ya kilo 4 hivi, ina betri na inaelewana na programu za IBM. Mwaka 1989 Apple wakatoa Macintosh Portable. Kioo chake kilisifiwa, lakini ilikuwa na kilo saba na zaidi, betri ya asidi ya ukoo mmoja na betri ya gari, na bei iliyopita dola 6,000. Nani ataibeba, nani ataimudu? Mwaka 1991 wakajirekebisha na PowerBook: kibodi ikasukumwa nyuma karibu na kioo, mbele ikabaki nafasi ya kupumzisha viganja. Tazama laptopu yoyote iliyo karibu nawe, bado imekaa hivyohivyo. Mwaka uliofuata IBM wakaja na ThinkPad 700C, sanduku jeusi la dola 4,350, lililolenga wafanyakazi wa makampuni makubwa. Hilo sanduku jeusi likumbukeni, tutakutana nalo Kariakoo.

Baada ya hapo ikaja zamu ya sisi wa dunia ya tatu kutengenezewa ya kwetu. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza laptopu ya mtoto ya dola 100, na Novemba mwaka huo akaionyesha Tunis akiwa na Kofi Annan. Ilikuwa mashine nzuri, tusidanganyane. Kioo chake kilisomeka juani na ilikula umeme kidogo. Lakini ilipoanza kutengenezwa mwaka 2007, gharama ilikuwa karibu dola 190. Rwanda iliichukua kwa wingi, na Peru zaidi ya wote. Mwaka 2012 utafiti uliofanyika Peru haukuona dalili kwamba ilipandisha alama za watoto katika hisabati na lugha. Kenya nayo, katika uchaguzi wa mwaka 2013, watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa laptopu. Kilichofika shuleni kuanzia mwaka 2016 kilikuwa tableti. Anayekuchagulia mashine bila kuuliza umeme unatoka wapi na mwalimu ni nani, anakuchagulia mzigo.

Kilichobadili soko ni kimashine cha Taiwan, Asus Eee PC, mwishoni mwa mwaka 2007. Kioo inchi 7, nafasi ya gigabaiti 4 tu, dola 399. Ikauzika sana, maana watu wengi walitaka baruapepe na wavuti, basi. Robo ya tatu ya mwaka 2008, kwa mara ya kwanza duniani, laptopu ziliuzwa kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 2009 mkonge wa SEACOM ukatua Dar es Salaam na Mombasa, na kwa vijana wa mijini laptopu ikaanza kuwa kitu cha lazima. Vile vidogo havikudumu. Wanunuzi waliwahi kugundua kwamba kibodi ya vidole vya mtoto haiandiki tasnifu, na iPad ilipofika mwaka 2010 ikamalizia. Rahisi nayo ina mpaka wake.

Sasa laki nane za mama.

Madukani kwetu utakuta laptopu nyingi zilizotumika, zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani. Makampuni ya huko hubadilisha mashine baada ya miaka michache, nasi tunazipokea. Ndiyo wajukuu wa lile sanduku jeusi. Hazina urembo, lakini zilijengwa kwa mtu anayeandika na kupiga hesabu siku nzima, vipuri vyake vinapatikana, na betri inabadilishika. Mwanafunzi wa uhasibu ana shida ya namna hiyohiyo.

Nimemwandikia mdogo wangu karatasi. Kioo inchi 14, aweze kubeba kwenye daladala. Ram gigabaiti 8. Diski iwe SSD, si ile ya kuzunguka. Kama ni Intel, prosesa iwe ya kizazi cha nane au zaidi, kwa sababu Windows 10 iliondolewa kwenye huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inakataa mashine nyingi za kabla ya hapo. Dukani tutachomoa chaja na kuiacha iwake huku tunapiga soga nusu saa, tuone betri inashuka kiasi gani. Tutabonyeza kila kitufe, kimoja kimoja. Na hatumalizi hela yote: inabaki ya begi, ya diski ya nje ya kuhifadhia nakala, na ya bando la mwezi wa kwanza.

Akaisoma, akanirudishia. "Kaka, mi nataka kama yako, ile inayowaka taa."

Sikubishana naye. Nikampa yangu na chaja yake, ile nzito kama tofali, nikamwambia tutembee kwa miguu kutoka Manzese mpaka Shekilango. Tulipofika pale alikuwa ameshaihamisha bega mara nne. Akaniuliza, "Hiyo ya inchi 14 ina kilo ngapi?"

Jumamosi tunakwenda Kariakoo. Mama kasema anakuja pia, anataka kuona hela yake inageuka kuwa nini.